Dhiraa Moja, Frasila Moja: Kupima Mzigo wa Mwili kwenye Mkanda

Mtu aliyezoea kunyanyua vyuma, akikuta mikanda miwili imening'inia kwenye tawi la mwembe, swali lake la kwanza ni hili: kilo ziko wapi? Kwenye chuma namba imeandikwa. Leo amenyanyua ishirini, wiki ijayo ataongeza mbili na nusu. Mkanda hauna namba. Ni utepe na vishikio viwili tu. Anaushika, anaegemea nyuma kidogo, anajivuta mara ishirini bila kutoa jasho, anaondoka akisema hayo ni mazoezi ya watoto. Mwenzake anakuja na kulala kabisa chini ya tawi, anajivuta mara mbili, bega linamuuma mpaka usiku, naye harudi tena. Wote wawili walishika mkanda uleule. Walichokosa ni mtu wa kuwaonyesha mizani ilipo.

Mizani iko kwenye visigino vyako. Nimeandika mwongozo huu nikiwafikiria watu wa Tabora, maana hapa miembe ni mingi na jim ni chache, na pia kwa sababu vipimo nitakavyovitumia vilipita hapahapa, mikononi na mabegani mwa watu, katika karne ya 19. Ni dhiraa na frasila.

Frasila ni kama kilo 16. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, na mpagazi wa msafara alibeba takriban frasila mbili, wengine pungufu kidogo. Juu ya hizo aliongeza mkeka wake, chungu, posho na silaha. Ilikuwa ama pembe begani, ama shanga, ama nyaya za shaba zilizotundikwa kwenye mzega, ama mtumba wa nguo, neno ambalo leo tunalitamka sokoni kila siku bila kukumbuka kwamba lilikuwa jina la mzigo wa mtu mmoja. Nguo zenyewe, hasa merikani kutoka Marekani, zilipimwa kwa dhiraa: kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Dhiraa nne zilifanya shuka, nane zilifanya doti. Kwa shuka na doti ndivyo msafara ulivyonunua chakula na kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita, njiani kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Wasafiri Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakafika Kazeh, ndiyo Tabora yenyewe, tarehe 7 Novemba. Zaidi ya miezi minne kwa miguu. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mabega ya Wanyamwezi yakapumzika.

Naomba frasila isisomwe hapa kama pambo. Njia hiyohiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo, wakibebeshwa mizigo ambayo hawakuichagua wala kulipwa. Wapagazi wengi wa Unyamwezi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, wakajivunia ufundi wao, na kijana aliyekuwa hajawahi kufika pwani na mzigo begani alionekana bado hajakomaa. Burton aliandika kwamba watoto wa kiume walianza kwa kubeba pembe ndogo. Hapo ndipo mimi ninapochukua somo langu: hata katika nchi iliyozaa wabebaji mashuhuri kuliko wote wa Afrika Mashariki, hakuna aliyeanza na frasila mbili.

Sasa tushike mkanda.

Usiogope kwamba huna mkanda wa dukani. Huu unaojulikana duniani kwa jina la TRX ulianza kwa kuungaunga. Mwanajeshi wa majini wa Marekani, Randy Hetrick, mwaka 1997 akiwa safarini bila jim, alichukua mkanda wa vazi la jiu-jitsu na utepe wa parachuti, akavishona pamoja, akavitundika na kuanza kujivuta. Kampuni ilikuja miaka baadaye. Kwa hiyo utepe wa kufungia mizigo ya lori, ule mpana wa polista unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya magari, ni ndugu wa karibu wa mkanda ule wa kwanza. Chukua vipande viwili vya mita tatu tatu. Vipeleke kwa fundi anayeshona maturubai, si fundi wa nguo, akukunjie kitanzi kila ncha ya chini na kushona mraba wenye msalaba ndani yake kwa uzi mnene wa nailoni. Ndani ya kitanzi pitisha kipande cha bomba cha upana wa kiganja kiwe kishikio. Hakikisha utepe ndio unaobeba mzigo na bomba linakaa tu mkononi. Bomba la plastiki lililofungwa kwa pembeni hupasuka.

Ninasisitiza uzi kwa sababu nimelipa gharama yake. Mkanda wangu wa kwanza niliushona mwenyewe kwa uzi wa kushonea suruali. Ulinivumilia wiki tatu. Jioni moja nikiwa nimeegemea karibu kulala, kishikio cha kulia kilifumuka, nikaangukia kifandugu juu ya mzizi. Sikuweza kukaa sawasawa kwa siku nyingi. Tangu siku hiyo sishiki mkanda kabla ya kupitisha kidole juu ya kila mshono.

Mpira wa kufungia mizigo kwenye baiskeli usiutumie. Unanyumbuka, na kitu kinachonyumbuka kinabadilisha mzigo kila sekunde, hivyo hesabu yote ya mwongozo huu inaharibika. Ukikatika, unarudi usoni. Na usipitishe utepe mmoja juu ya tawi ukaacha ncha mbili zikiteleza huku na huku kama kamba ya kisima. Kila mkanda ufungwe peke yake, usiende popote.

Tawi liwe bichi, nene kama paja la mtu mzima, na ufunge karibu na shina. Angalia njia za mchwa na mashimo yaliyooza. Mwembe mzee unaweza kuwa na majani mabichi huku ndani ni unga. Zungushia gunia mahali pa kufunga, ili utepe usiliwe na gome na gome lisichubuliwe na utepe. Kisha ujaribu kabla ya kuuamini: mtu mmoja ajiegemeze taratibu, halafu wawili pamoja, wakiwa karibu na ardhi. Kujivuta kwa ghafla kunaweza kulivuta tawi kwa nguvu iliyo mara mbili ya ile ya kutulia. Mihimili ya mapaa yetu ya bati mingi haikujengwa kwa kazi hiyo. Na tafadhali, miembe ya kumbukumbu tuiache ipumzike. Pale Kwihara kwenye tembe alilokaa Livingstone hadi Agosti 1872, na kule Ujiji ambako inasemekana miembe iliyopo ilitokana na ule ambao yeye na Stanley walikutana chini yake mwaka 1871, hapatundikwi kitu.

Mizani yenyewe inahitaji uzi na jiwe. Funga kokoto au nati ya baiskeli kwenye uzi uwe timazi, kama ya fundi mwashi. Bana ncha ya juu ya uzi kwa pini kwenye mshono wa bega la fulana yako. Simama ukiutazama mti, shika vishikio, nyoosha mikono mbele ya kifua, kaza tumbo na makalio mpaka mwili uwe ubao mmoja kutoka visigino hadi shingo. Egemea nyuma. Mwenzako asubiri timazi itulie, aweke alama ardhini kwenye visigino vyako na nyingine jiwe linapoelekea. Inuka. Weka kiwiko chako kwenye alama ya visigino na upime kwa mkono wako mwenyewe hadi alama ya jiwe. Ni dhiraa ngapi?

Kila dhiraa moja ni zaidi kidogo ya moja ya tano ya uzito wako.

Sababu yake ni ile tuliyofundishwa shuleni chini ya kichwa cha nyenzo. Visigino ni egemeo. Uzito wa mwili ulionyooka umejikusanya karibu na kitovu, juu kidogo ya katikati ya urefu wako. Mabega, mahali mkanda unapokushikilia, yako juu zaidi, kwenye kama sehemu nane kwa kumi za urefu. Ukisimama wima, mifupa inabeba kila kitu na mkanda haubebi chochote. Kadiri mabega yanavyoondoka juu ya visigino na kwenda nyuma, ndivyo uzito unavyohama kutoka ardhini kwenda kwenye mikono, na unahama kwa uwiano wa umbali huo wa timazi. Mtu wa kilo 70 aliyeegemea dhiraa moja anavuta kama kilo 15 na nusu. Hiyo ni frasila moja. Akiegemea dhiraa mbili, ni 31, frasila mbili, mzigo wa mpagazi. Dhiraa tatu ni kama 46, na hapo hakuna zaidi, maana ameshalala sambamba na ardhi. Mwanamke wa kilo 60 atapata kama 13, 26 na 40. Mtu wa kilo 85 atapata 19, 37 na 56.

Uzuri wa dhiraa ni kwamba inakua na mwenyewe. Mrefu ana mkono mrefu, mfupi ana mkono mfupi, na karibu kila mtu mzima akilala sambamba na ardhi atakuta mabega yake yako dhiraa tatu kutoka visigino. Mita ya fundi ingekulazimisha ufanye hesabu mpya kwa kila mtu. Haya ni makadirio, bila shaka. Mkanda ukiwa haufuati mikono iliyonyooka, au kiuno kikilegea, namba inahama. Lakini makadirio yanayorudiwa vilevile kila siku yanatosha kukuonyesha kama unapanda au unashuka.

Nusu ya dhiraa ni shibiri, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Kwa hiyo una ngazi sita za shibiri kutoka wima hadi kulala, na kati ya shibiri na shibiri una upana wa viganja. Kiganja kimoja, bila gumba, ni kama sehemu moja ya ishirini na saba ya uzito wako, sawa na kuongeza vile vyuma vidogo vya mwisho kwenye mtaimbo wa jim. Ngazi zote hizo ziko kwenye mchanga mbele yako, bure.

Ukishapima mara moja, weka alama za kudumu. Urefu wa mkanda usipobadilika, mahali pa visigino hapabadiliki. Chomeka vijiti ardhini: hapa shibiri mbili, hapa tatu, hapa nne. Utaona jambo linalowashangaza wengi, kwamba kusogea kuelekea chini ya tawi ni kuongeza mzigo na kuondoka ni kuupunguza. Mchanga wa Tabora unateleza kiangazi, kwa hiyo chimba kijishimo cha kisigino kwenye kila alama.

Katika kuvuta, fupisha mikanda mpaka vishikio vining'inie usawa wa kitovu. Vuta viwiko vipite mbavuni, mabega yashuke mbali na masikio, mabapa ya mabega yabanane nyuma. Zingatia kwamba mwanzo ndio mzito. Mwili unavyopanda timazi inarudi karibu na visigino na mzigo unapungua, ndiyo maana watu wengi huiba kwa kujirusha mwanzoni, wakamaliza mwendo mzima kwa msukumo wa ule mrusho. Anza polepole kama unayechota maji kisima kirefu, simama juu kwa pumzi moja, shuka kwa kuhesabu tatu. Ukishindwa kuanza polepole, umeegemea kupita uwezo wako. Sogea kiganja kimoja nyuma. Hakuna anayekuona duni kwa kiganja kimoja, na kama yupo, mwache.

Kusukuma ni kugeuka, mti uwe mgongoni, mikanda iwe mirefu, vishikio vifike kwenye magoti au chini yake, na sasa vidole vya miguu ndio egemeo. Timazi inaning'inia mbele. Hesabu ni ileile kwa kukadiria, ila mikono inatetemeka kwa namna ambayo pushapu ya ardhini haikuzoeshi. Mtu anayepiga pushapu thelathini kwenye sakafu, ambako mikono hubeba kama theluthi mbili za uzito, hujikuta akihangaika na dhiraa moja na nusu kwenye mkanda. Anza na dhiraa moja hata kama kifua chako ni cha mcheza ngumi. Viwiko visifunguke kama mabawa. Viache vielekee nyuma kidogo, na shuka mpaka pale bega linaporuhusu bila kuvutwa. Ukichoka katikati, usijiangushe wala usijikaze. Piga hatua moja mbele tu. Umesimama, mzigo umeisha. Vyuma havina ukarimu huo, maana chuma kikikushinda kiko juu ya kifua chako.

Kuhusu miguu nitasema kifupi, kwa sababu hapo mkanda una kazi nyingine: unapunguza. Mama mmoja jirani, aliyenizidi umri kwa miaka zaidi ya ishirini, alisimama asubuhi moja akitazama. Nilimwamkia, akaitikia, akasema, "Mwanangu, mimi kuchuchumaa ni mpaka nishike kitu. Hayo ni ya vijana." Nikamwambia, "Mama, basi njoo ushike hiki." Alishika vishikio, akashuka taratibu, akitumia mikono kujisaidia kupanda. Mwanzo mikono ilifanya karibu kazi yote. Baada ya wiki kadhaa alikuwa anashika kwa vidole viwili viwili. Hapo kipimo ni mkono: kadiri unavyoushika mkanda kwa wepesi, ndivyo miguu inavyobeba. Watu wenye magoti mabovu na wazee wanaoogopa kuanguka wasiachwe nje ya mazoezi haya. Pengine wanayahitaji kuliko kijana mwenye fulana ya kubana.

Mpaka hapa kanuni imekuwa moja: karibu na chini ya tawi ni kuzito. Ukiweka miguu ndani ya vitanzi na mikono chini, kanuni inageuka, na watu wengi hujiumiza hapo kwa kutojua.

Lala kifudifudi, viganja ardhini, miguu ndani ya vitanzi vilivyoning'inia urefu wa shibiri moja na nusu kutoka chini. Mikanda ikiwa imesimama wima kabisa kama timazi, miguu yako iko mahali inapopenda kukaa, na mzigo ni ule wa pushapu ya kawaida pamoja na mtikisiko. Sasa tembeza viganja mbele, mbali na mti, kiganja kimoja tu. Miguu nayo imevutwa mbele, mikanda imeinama, na jiwe lolote linaloning'inia hutaka kurudi chini ya tawi lake. Miguu yako ndiyo jiwe. Inakuvuta nyuma muda wote, na tumbo na mabega lazima yakatae. Ukikunja magoti kuelekea kifuani, unaipeleka mbali zaidi na mahali pake, kwa hiyo ni kuzito zaidi. Ukirudisha viganja nyuma kuelekea mti, mikanda inainama upande wa pili na inakusaidia kukunja. Kwa hiyo kwa kuvuta na kusukuma ukiwa umesimama, kuukaribia mti ni kuongeza. Kwa mazoezi ya chini yenye miguu kwenye vitanzi, kuukimbia mti ni kuongeza. Andika sentensi hizo mbili kwa makaa ukutani kama unaweza.

Na hapa ngazi si shibiri tena. Ni vidole. Vidole vinne mbele vinahisiwa wazi kiunoni. Mgongo wa chini ukianza kubonyea kama kitanda cha kamba kilicholegea, zoezi limeisha hata kama ulipanga kuendelea.

Kuna njia nyingine za kuongeza uzito bila kugusa alama za ardhini, nami ninazipenda kwa viwango tofauti. Miguu ikibanana, egemeo linakuwa jembamba na mwili unayumba. Ukiinua mguu mmoja, unayumba zaidi. Hii ni nzuri. Mkono mmoja badala ya miwili ni hatua kubwa kuliko inavyoonekana. Ukiwa kwenye dhiraa mbili kwa mikono miwili, kila mkono una frasila moja, na ukiachia mmoja palepale, ule uliobaki unapata zote mbili pamoja na mwili unaotaka kupinduka. Ukihamia mkono mmoja, rudi kwanza kwenye dhiraa moja. Kufungua mikono pembeni ukiwa umeinyoosha, kama ndege, kunarefusha wenzo upande wa bega, na dhiraa moja iliyokuwa mzaha inakuwa kazi. Kwa zoezi hilo wengi wanatosheka na shibiri moja.

Mwendo wa taratibu ndio ninaouamini kuliko yote. Kushuka kwa kuhesabu tano kwenye shibiri tatu kunaweza kukuchosha kuliko kujirusha kwenye shibiri tano, na viungo vyako vitakushukuru.

Begi la mchanga liwe la mwisho, pale tu ambapo dhiraa tatu zimekuwa nyepesi na visigino vimeshapandishwa juu ya tofali. Begi livaliwe juu karibu na mabega, mbele kwa kuvuta na mgongoni kwa kusukuma. Ukiwa umelala kabisa, kilo tano za usawa wa bega ni kilo tano kamili mikononi. Sijaona sababu ya mtu wa kawaida kuzidi hapo. Wapagazi waliulinda mwili hata katika kuinua: mtumba ulifungwa ndani ya vijiti vilivyouinua juu ya unyevu wa ardhi na kurahisisha kuupandisha begani. Mtu anayebeba kwa miezi hawezi kuupoteza mgongo wake kwa sababu ya sekunde tatu za kujionyesha.

Sasa ratiba. Siku tatu kwa wiki, zikiachana. Kuvuta, kusukuma, kuchuchumaa, na zoezi moja la chini, kila moja seti tatu. Tafuta alama ambayo marudio nane yanafanyika safi na la kumi linakuuliza swali. Hiyo ndiyo alama yako ya leo. Ukifikisha kumi na mbili safi kwenye seti zote tatu, siku mbili mfululizo, sogea kiganja kimoja. Marudio yatarudi nane au tisa, na ndivyo inavyotakiwa. Ndani ya seti moja unaweza pia kushuka ngazi: fanya nane kwenye shibiri nne, na zikikataa, rudi nusu hatua bila kuachia vishikio, umalizie nne kwenye shibiri tatu. Hakuna kifaa cha jim kinachobadilika haraka hivyo.

Usiruke ngazi kwa sababu umejisikia vizuri siku moja. Misuli huitikia mapema. Kano za kiwiko na bega huchelewa, na zikikasirika hukaa na hasira miezi. Kama uliwahi kuteguka bega, una shinikizo la damu lisilodhibitiwa, au u mjamzito, ongea na mhudumu wa afya kwanza, na hata akikuruhusu ubaki kwenye shibiri mbili kwa wiki kadhaa.

Misafara iliondoka alfajiri ili ipige kambi kabla jua halijawa kali, na kwa Tabora ya Septemba na Oktoba sioni saa nzuri kuliko hiyo. Mchanga bado ni baridi, alama za jana zinaonekana. Novemba maembe yakianza kuiva angalia juu kabla ya kulala chini, na wafukuze watoto wenye mawe ya kuangulia.

Ukimaliza, shusha mkanda. Jua la hapa linakausha polista mpaka nyuzi zinakuwa nyepesi kuvunjika, na ukiuacha mtini miezi miwili hutaona tofauti kwa macho. Pitisha kidole kwenye mishono, kung'uta mchanga kwenye vitanzi, uviringishe, uuweke kivulini. Vijiti viache ardhini. Kile cha shibiri nne, ulichokigusa leo kwa mara ya kwanza, kifunge kipande cha kitambaa ukione kesho kutwa kabla jua halijatoka.